Dawa ilikuwepo, na baba mdogo akafa nayo mshipani

Kuna jamaa tulikaa nae siti moja kwenye treni ya kutoka Kaliua kwenda Tabora, tukaongea mengi mpaka tukafika kwenye mambo ya kazi, nikamwambia mimi ni mtu wa maabara, akaniuliza hivi hizi hela zinazoenda kwenye utafiti wa madawa kwa nini zisinunue tu dawa zilizopo zijae kwenye zahanati zetu, maana magonjwa mengi si dawa zake zipo? Akatoa na mfano kabisa, hata malale, si ina dawa toka enzi za mkoloni. Sikumjibu vizuri siku ile, behewa lilikuwa na kelele na mtoto wake alikuwa analia, ila swali limekaa na mimi mpaka leo kwa sababu liligusa kidonda. Baba yangu mdogo alikufa kwa malale mwaka 2004 na dawa ilikuwepo, tena alikuwa ameshaanza kuitumia. Naomba nikieleze kisa chote kuanzia porini mpaka wodini, alafu niseme ninachokiona ndani yake baada ya miaka hii yote ya kukaa kwenye darubini.

Baba mdogo alikuwa mrina asali. Alikuwa na mizinga ya magome kama sitini hivi, imetundikwa kwenye miyombo na mitundu upande wa Ugalla, mingine alirithi kwa babu. Kila mwaka mvua zikishakata, mwezi wa tano kwenda wa sita, anafunga ndoo kwenye baiskeli, unga, chumvi, michembe, kisu na kamba, anaondoka na wenzake watatu au wanne, hawaonekani wiki tatu mpaka mwezi. Sasa kule ndo kwa ndorobo wenyewe, mbung'o, wadudu wanaoeneza malale. Ambaye hajawahi kuumwa na ndorobo asidhani ni kama mbu, huyu anauma mchana kweupe, anatoboa mpaka juu ya shati, na ukimpiga kofi anaanguka kidogo alafu anaruka tena, wazoefu wanamshika na kumvunja kwa kucha. Baba mdogo alikuwa na ovaroli moja ya bluu iliyofifia aliyoipenda sana, aliivaa kila safari kwa sababu ni nzito na nyuki hawaipenyi. Mimi nimekuja kujua baadae chuoni kwamba bluu na nyeusi ndo rangi zinazomvuta ndorobo kuliko zote, ndo maana mitego yake inashonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Alikuwa anatembea porini amevaa mtego. Hakuna aliyemwambia, na nyumbani hakuna aliyekuwa anajua.

Alirudi mwezi wa saba mwanzoni, asali nzuri, na nyuma ya shingo ana uvimbe mwekundu, mgumu, hauna usaha. Akasema ni nyuki. Baada ya siku kadhaa homa ikaanza, kichwa kinamgonga, anajikuna mwili mzima bila vipele. Akaenda zahanati, wakampa SP, ambayo wakati ule ndo ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini toka 2001 klorokwini ilipotupwa. Homa ikapoa siku tatu nne, ikarudi. Akarudi zahanati wakampa kwinini, ikapoa, ikarudi tena. Zahanati haikuwa na darubini. Siwezi kusema moja kwa moja walikosea, huku kwetu mtu mwenye homa baada ya mvua ukimwita malaria mara nyingi umepatia, na inawezekana kabisa alikuwa na malaria pia. Ila hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Swali moja tu, "mzee ulikuwa wapi mwezi uliopita", na harufu ya moshi na nta ilikuwa bado kwenye nguo zake.

Mwezi wa nane akabadilika. Mchana analala, unamwamsha ale anasinzia na tonge mkononi, usiku anazunguka uani anaongea peke yake, anacheka, anakaa chini analia. Huyu ni mtu ambaye sikuwahi kumsikia akimfokea mama mdogo hata siku moja, jioni moja akachukua sahani ya ugali akaipiga ukutani. Basi hapo majirani wakashasema, amerogwa, si alikuwa na ugomvi wa miti na fulani. Tukampeleka kwa mganga, akakaa kule wiki mbili, mbuzi akaenda na hela ya asali ikaenda. Siwalaumu wazee hata kidogo kwa hilo. Ukiona mtu mpole anageuka hivyo ndani ya wiki tatu, na hospitali imeshampa dawa mara mbili haijasaidia, utafikiria nini kingine?

Mwezi wa tisa ndo tukamfikisha hospitali. Mimi nilikuwa nimemaliza form four nipo nyumbani tu, nikapewa kazi ya kumuuguza. Wakatoa damu kupima malaria, na baada ya muda yule fundi wa maabara akatoka mlangoni akaniita, "Kijana, wewe ndo uliyemleta yule mzee? Njoo uone." Nikainama kwenye darubini, nikafumba jicho moja kama alivyonielekeza. Niliona chembe za damu zimejaa kama punje za mtama zilizomwagwa, alafu katikati kuna kitu chembamba kinajipinda kama kamba iliyoguswa, kinazisukuma chembe pembeni, kinapita, kinaacha njia. Kikaja kingine. Akaniambia, "Hao ndo wanaomlaza." Mpaka leo nikiandaa slaidi na kukuta kitu kinacheza moyo unanidunda vilevile.

Baada ya hapo wakamtoboa mgongo kuchukua maji ya uti, kwa sababu malale ina hatua mbili na dawa zinategemea hatua. Hatua ya kwanza vijidudu viko kwenye damu na tezi, ya pili vimeshaingia kwenye ubongo. Kwa malale ya huku kwetu mashariki, ile inayoitwa rhodesiense, kutoka ya kwanza kwenda ya pili ni wiki tu au miezi michache, sio kama ile ya gambiense ya Kongo na Afrika Magharibi ambayo mtu anaweza kutembea nayo hata mwaka na zaidi. Maji ya baba mdogo yalikuwa na chembe nyeupe nyingi. Ilikuwa imeshaingia.

Sasa ndo nifike kwenye dawa. Kwa malale yetu wakati ule zilikuwa mbili tu. Suramini, iliyotengenezwa na Wajerumani na kuanza kutumika miaka ya 1920 mwanzoni, inasafisha damu vizuri ila haivuki kwenda kwenye ubongo, kwahiyo ni ya hatua ya kwanza. Na melasoprolo, iliyogunduliwa mwaka 1949 na daktari mmoja Mswisi, Ernst Friedheim. Melasoprolo inavuka mpaka kwenye ubongo na inaua vijidudu kweli. Lakini imejengwa kwa aseniki, na aseniki ni sumu, na katika kila wagonjwa 100 wanaopewa, watatu mpaka kumi wanauawa na dawa yenyewe. Hiyo ndo hesabu yake ya miaka yote. Na usipompa mgonjwa wa hatua ya pili, anakufa.

Daktari hakutuficha. Alimkalisha bibi na mama mdogo kwenye benchi la nje, akachuchumaa mbele yao.

"Bibi, shikamoo. Nina jambo zito."

"Marahaba mjukuu wangu, sema tu."

"Dawa ya kumtibu ipo, lakini ni kali. Wengi wanapona. Wachache inawaua, na siwezi kujua mapema yeye yuko kundi gani. Tusipompa, hamalizi miezi mingi."

Bibi alinyamaza muda mrefu. Alafu akamwuliza, "Angekuwa ni baba yako ungempa?"

"Ningempa bibi."

"Basi mpe."

Walianza na suramini kupunguza vijidudu kwenye damu, ndo wakaja kwenye ile yenyewe. Nesi alikuja na bomba la kioo, limechemshwa, limefungwa kwenye kitambaa. Nikamwuliza kwa nini sio sirinji za kawaida, akaniambia dawa hii inayeyusha plastiki. Hebu fikiria, kitu kinachoyeyusha plastiki, na kinaenda kwenye mshipa wa mtu. Alichoma taratibu sana, anasimama, anaangalia uso, anaendelea, kwa sababu ikimwagika nje ya mshipa nyama inaoza. Baba mdogo alikuwa hajui hata yuko wapi ila alikunja uso akasema "moto, moto", na nikaona anajaribu kuvuta mkono. Siku ya tatu ule mshipa ulikuwa umekakamaa chini ya ngozi kama kamba ya katani, wakahamia mkono mwingine.

Utaratibu wa wakati ule ulikuwa awamu tatu, siku tatu za sindano alafu wiki nzima ya kupumzika, tena siku tatu, tena wiki. Ndani ya ile wiki ya kwanza ya kupumzika, baba mdogo akarudi. Sijui niseme vipi. Asubuhi moja nimemletea uji wa ulezi akanitazama, akaniita jina langu, akaniuliza, "Mizinga nani anaiangalia?" Nikakimbia kumwita mama mdogo nikamwacha na kikombe mkononi. Siku nne zile alikula, alikaa kwenye kitanda, aliongea na wagonjwa wenzake habari za asali, akamwahidi yule nesi dumu la lita tano. Usiku alilala na mchana alikuwa macho, kama binadamu.

Awamu ya pili ikaanza siku ya jumatatu. Jumanne baada ya sindano akasema kichwa kinauma. Jioni joto likapanda. Saa tano usiku akapata degedege, mwili mzima, meno yamekazana, wakaja mbio wakaweka dripu, wakampa dawa za kutuliza, likaacha, likaja tena. Hakuamka. Alifariki alhamisi alfajiri, na kwenye damu yake hakukuwa tena na kijidudu hata kimoja. Najua kwa sababu yule fundi wa maabara aliangalia mwenyewe, akaja kunieleza huku ameshika kofia yake mkononi.

Hicho ndo kisa. Sasa nikichambue.

Watu wengi nikiwasimulia wanatafuta wa kumlaumu, na wa kwanza kutajwa ni daktari. Mimi hapana. Daktari alifanya hesabu sahihi: upande mmoja kifo cha uhakika, upande wa pili nafasi kubwa ya kupona na nafasi ndogo ya kuuawa na dawa. Ningekuwa yeye ningechagua vilevile. Wengine wanasema uchelewaji, na hapo kuna ukweli mkubwa, kama angepimwa mwezi wa saba hatua ya kwanza angepewa suramini peke yake na pengine angekuwa hai leo. Ila hata hilo halimalizi swali. Kwenye ugonjwa unaofika kwenye ubongo ndani ya wiki chache na unaanza kwa homa inayofanana kabisa na malaria, kutakuwa na watu wa kuchelewa siku zote, hata zahanati zikiwa nzuri namna gani. Swali linalonisumbua mimi ni lingine: kwa nini mwaka 2004 mezani kwa daktari kulikuwa na vitu viwili vibaya tu vya kuchagua? Toka 1949 mpaka 2004 ni miaka 55. Ndani ya miaka hiyo Tanganyika ilipata uhuru na ikawa Tanzania, reli yetu ilitoka kwenye treni za mvuke ikaingia kwenye dizeli, na simu za mkononi zilikuwa zimeshaanza kuenea mikoani. Bomba la kioo na aseniki vikabaki palepale.

Na hapa ndo namjibu yule ndugu wa kwenye treni. Neno "dawa ipo" ndo lililoua utafiti. Wenye maabara kubwa waliangalia wakaona malale ina dawa, wagonjwa ni warina asali na wavuvi na wawindaji wasio na hela, soko hakuna, wakaenda kwenye mambo mengine. Kuna dawa moja ya malale ya gambiense inaitwa eflonitini, ilipasishwa mwaka 1990, ilikuwa inawaamsha wagonjwa wa hatua ya pili bila aseniki mpaka wakaiita dawa ya ufufuo. Haikudumu sokoni, utengenezaji wake ukasimama kwa sababu hailipi, alafu kiini kilekile kikarudi kama krimu ya kupunguza nywele usoni kwa wanawake, hiyo ililipa. Ni mpaka mwaka 2001, baada ya shinikizo la Madaktari Wasio na Mipaka na Shirika la Afya Duniani, ndo kampuni ikakubali kuendelea kuitengeneza na kuitoa bure kwa wagonjwa. Na hata hivyo kwa malale yetu ya rhodesiense haifai, kwahiyo sisi tulibaki na melasoprolo.

Hatua ya kwanza iliyotugusa sisi wenyewe ilifanyika hapahapa mkoani. Miaka michache baada ya kumzika baba mdogo, kwenye kituo cha afya Kaliua na hospitali ya Lwala kule Uganda, watafiti walijaribu kutoa melasoprolo siku kumi mfululizo badala ya zile awamu zenye mapumziko. Matokeo yalitoka 2012. Siku za kulazwa zilishuka kutoka 29 mpaka 13, na kwa familia inayouza kuku ili mtu wa kuuguza ale hospitali, hilo sio jambo dogo. Ila vifo havikushuka kwa maana yoyote, kwa sababu dawa ni ileile. Napenda sana ule utafiti kwa sababu ulisema ukweli wake: ratiba tumeipunguza, sumu bado ni sumu, tafuteni kitu kingine.

Na kitu kingine kilikuwepo kwenye makabati. Hii sehemu ndo inayoniuma na kunipa moyo kwa pamoja. Feksinidazo, dawa ya vidonge, ilitengenezwa na kampuni ya Hoechst ya Ujerumani, na mwaka 1983 ilishaandikwa kwamba inaua vijidudu vya malale kwenye wanyama wa maabara. Ikaachwa. Mwaka 1983 baba mdogo alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa anajifunza kupanda miti na babu. Ilikaa hivyo mpaka 2005, taasisi ya DNDi ya Geneva, inayotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, ambayo ilikuwa na miaka miwili tu toka ianzishwe, ilipoanza kuchambua mamia ya dawa za jamii hiyo zilizoachwa, moja baada ya nyingine, ndo wakaikuta. Ikajaribiwa kwa watu Kongo na Afrika ya Kati kuanzia 2012 kwa malale ya gambiense, ikapata kibali cha mamlaka ya dawa ya Ulaya mwaka 2018. Alafu, na hili nawashukuru sana, hawakuishia hapo wakasema inatosha. Wakaipeleka kwenye malale yetu, Rumphi kule Malawi na Lwala ileile ya Uganda, wagonjwa 45, na hakuna kifo kilichotokana na vidonge hivyo. Kibali kikatoka Desemba 2023, na 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka kuwa chaguo la kwanza kwa rhodesiense, hatua zote mbili.

Mtu mzima anameza vidonge vitatu kwa siku nne, alafu viwili kwa siku sita. Jumla 24. Lazima ale kwanza maana bila chakula dawa haiingii vizuri mwilini, na wengi wanatapika kidogo, kichwa kinawauma, wanakosa usingizi. Hakuna bomba la kioo, hakuna mshipa wa katani. Huwa nahesabu 24 kwa punje za mahindi kwenye kiganja changu nikiwaelezea wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi, zinajaa kiganja kimoja na nafasi inabaki.

Najua wapo wanaosema utafiti ni kutufanyia majaribio sisi watu weusi. Hiyo hofu haikutoka hewani na mimi siidharau. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, daktari mkubwa kabisa wa Ujerumani, alikuwa kwenye visiwa vya Sese kwenye Ziwa Nyanza anawachoma wagonjwa wa malale dawa nyingine ya aseniki iliyoitwa atoksili, na alipoongeza dozi baadhi yao wakapofuka moja kwa moja. Wale hawakuulizwa kama bibi yangu alivyoulizwa kwenye benchi. Lakini tuangalie vizuri hapo kosa ni nini. Kosa ni kumfanya mtu chombo, kutomwambia, kuongeza dozi bila mtu wa kukusimamisha. Siku hizi utafiti wa dawa hapa nchini haufanyiki bila kibali cha kamati ya maadili, mgonjwa anaelezwa kwa lugha yake, anaweza kukataa, anaweza kujitoa katikati na bado atatibiwa, na wapo watu nje ya timu wanaoangalia madhara na wana nguvu ya kusimamisha kila kitu. Tukikataa utafiti kwa sababu ya Koch, tunachobaki nacho ni matokeo ya zama zilezile, maana melasoprolo ni mtoto wa familia ileile ya aseniki. Mimi naona ni bora tudai utafiti wenye heshima kuliko kuukimbia.

Alafu kuna hoja ya wachache. Ni kweli wagonjwa wa rhodesiense wanaoripotiwa siku hizi ni wachache, kuna miaka dunia nzima hawafiki hata 100. Mtu anasema sasa wachache hao si waache. Kwanza mmoja kati ya wachache hao ana mama mdogo na watoto. Pili, malale yetu inakaa kwa wanyama. Pongo, nyati, na ng'ombe pia, wanabeba vijidudu hivi na wengi wao hawaonekani hata kuumwa. Unaweza kuwatibu binadamu wote wa Urambo na Kaliua na Kibondo leo wakapona, kesho ndorobo akanywa damu ya pongo pale Moyowosi akamuuma mvuvi, tumeanza upya. Mitego na dawa za kuua wadudu zinasaidia sana na ziendelee, ila pori lote hilo huwezi kulishonea mitego, na kulifyeka ndo kuwaua nyuki wenyewe. Kwahiyo mgonjwa wa malale atakuwepo, na inabidi akute kitu kizuri mezani.

Na kuna jambo ambalo naliona kwenye kazi yangu kila siku. Zamani malale mara nyingi ilikamatwa kwa bahati, kama ya baba mdogo, mtu anatafuta malaria kwenye darubini anakuta nyoka. Sasa tuna kipimo cha haraka cha malaria, tone moja la damu, dakika kumi na tano, hata zahanati ya ndani kabisa inacho, na kimeokoa watu wengi, nakipenda. Lakini kile kipimo hakioni malale. Kikisema hakuna malaria, mrina asali anapewa panadol na antibaiotiki anarudi nyumbani, hakuna jicho lililopita kwenye damu yake. Kipimo cha haraka cha gambiense kipo, cha rhodesiense hakipo. Maendeleo ya ugonjwa mmoja yamefunga dirisha la mwingine, na hilo halitengenezwi kwa kununua zaidi vilivyopo, linatengenezwa kwa mtu kukaa chini kutafuta kipimo kipya. Ndo kazi kama ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambao wana kituo chao hapahapa Tabora, na ndo maana nikisikia bajeti za utafiti zinapunguzwa popote pale duniani nakosa raha.

Hata hiyo SP aliyopewa baba mdogo, iliyokuwa mpya 2001, haikufika mbali, vimelea vikaizoea na nchi ikahamia kwenye dawa mseto mwishoni mwa 2006. Na sasa Kagera, kule juu ya Kigoma, wamekuta vimelea vya malaria vinavyochelewa kufa kwa dawa mseto. Vimelea havijawahi kusema inatosha.

Nimalizie na kilichonifanya niandike hiki leo. Feksinidazo ni ya kuanzia miaka sita na kuanzia kilo 20. Chini ya hapo bado haijapitishwa. Mtoto mdogo akipata rhodesiense hatua ya kwanza anapewa suramini ya miaka mia, na ikishaingia kwenye ubongo anapewa melasoprolo. Leo hii, mwongozo wa 2024 ndo unavyosema, kwa sababu kwa watoto hao hakuna kingine.

Mtoto wa kwanza wa baba mdogo ndo aliyerithi ile mizinga. Mwaka huu aliniambia anaenda kambini na mke wake na mtoto wao wa mwisho, wakae mwezi mzima, maana nyumbani hakuna wa kumwachia. Nikamwambia kaka, mwache kwa mama yangu, mimi nitatuma hela ya maziwa. Akauliza kwa nini, mbona sisi wote tumekulia porini. Nikamwambia nimpime kwanza. Tukamtundika kwenye mzani wa kliniki, ule wenye kaptula, anachezesha miguu anacheka.

Kilo 14 na nusu.